Kazi Yangu kwa Ndege wa Bi Zuhura

Baba yangu mzazi aliitwa Teodori, mvuvi wa mto Kilombero. Mama yangu aliitwa Apolonia, Mpogoro wa upande wa Lupiro, aliyeolewa kwa Wandamba akajifunza lugha yao hata akawa anagombana na mawifi zake kwa lugha hiyo hiyo. Nilizaliwa Mofu, katika masika ambayo maji yaliingia mpaka jikoni. Mwaka wake hakuna aliyeniwekea. Jina langu ni Veronika. Sikukaa darasani hata siku moja. Kwa hiyo wewe, mjukuu wangu Anjela, unayeshika kalamu, andika kama ninavyosema, usinipambie maneno, na pale nitakaponyamaza usijaze.

Nimeamua kusema kwa sababu ya kaka yako Deo. Juzi nilipopelekwa kwake, mtaa wa Viwanja Sitini, nilikuta tundu jipya barazani, na ndani yake ndege mmoja wa aina ile mnayoiita ndege wa mapenzi. Nilimwuliza mwenzake yuko wapi. Alinijibu kwa adabu kwamba amechukua mmoja makusudi, ili ndege asiwe na mtu mwingine wa kumpenda isipokuwa yeye Deo. Niliondoka bila kunywa chai yake. Haya ninayosema ni yake kwanza, kisha ni ya yeyote kati yenu vijana anayedhani kufuga ndege ni jambo la kupendeza macho.

Niliingia katika kazi hiyo nikiwa msichana ambaye bado hajaposwa, katika miaka ile ya hamsini, wakati wa Mwingereza, kabla ya reli na kabla ya umeme wa Kidatu. Masika yakianza, barabara ilifungwa na Ifakara ikabaki peke yake kati ya maji. Aliyenichukua kazini ni Bi Zuhura, mke wa Mwinyi Saidi, mwenye duka la nguo na chumvi aliyenunua pia mpunga wa bondeni. Wote wawili walikuwa watu wa pwani, Waislamu, na hawakuwa na mtoto. Lori la Mwinyi Saidi lilikuwa na utingo, Mgogo aliyeitwa Ndahani. Siku moja Ndahani alirudi safari ya kwao na kikapu kilichoshonwa mdomo, na ndani ya kikapu walikuwamo ndege wawili. Mwinyi Saidi alimpa mkewe.

Ndege wenyewe hawakuzidi ngumi ya mtoto. Mwili wa kijani, shingo ya manjano, kichwa cheusi kana kwamba kimepakwa masizi ya chungu, mdomo mwekundu uliopinda, na duara jeupe kuzunguka jicho lililowafanya waonekane daima kama watu walioshtuliwa usingizini. Hutawaona huku bondeni porini. Wao ni wa nchi kavu.

Lazima mwelewe jinsi kazi yangu ilivyokuwa kichekesho. Kwetu ndege ni adui. Tangu nilipoweza kurusha udongo kwa kombeo nilikuwa nikipandishwa juu ya dungu shambani kuamia mpunga, kuanzia jua linapotoka mpaka linapozama, na ndege wakila sehemu yetu nilichapwa mimi, si ndege. Nilipomweleza mama kwamba nimepata kazi mjini ya kulisha ndege, alinitaka nirudie. Kisha akasema kwamba wenzangu wanafukuza ndege ili sisi tule, na mimi sasa nakwenda kuwaandalia meza. Wasichana wa kisimani walikuwa wabaya zaidi. Walinisubiri na ndoo zangu, wakapiga goti wote kwa pamoja: "Shikamoo, mama wa ndege. Watoto wameamkaje?" Nilijibu marahaba na kuendelea kuchota. Dharau ukiipokea kwa heshima, mwenye kuitoa huchoka upesi.

Kosa letu la kwanza lilikuwa tundu. Mwinyi Saidi aliagiza tundu la matete, lililosukwa vizuri, kama yale wanayobebea kuku watu wetu. Asubuhi iliyofuata Bi Zuhura aliwakuta ndege juu ya kabati wakila pazia, na tundu limebaki vipande. Walikuwa wamekula nyumba yao. Ndahani alicheka mpaka akakaa chini. Fundi akatengeneza lingine la waya, na hilo ndilo mlilonalo mpaka leo darini.

Kosa la pili lilikuwa chakula. Mimi ni mtoto wa bonde, kwangu chakula ni wali. Niliwapa mchele, tena mchele mzuri, na wali uliobaki, na siku ya sikukuu niliwapa na mafuta. Ndahani aliwashika, akawapapasa kifua, akaniuliza kama nina mpango wa kuwauza kwa mizani. Yeye ndiye aliyenifundisha, na kila nitakachowaambia hapa nilikipata kwake au nilikipata kwa ndege kufa.

Wapeni uwele na mtama. Mbegu za alizeti ziwe chache, kama peremende kwa mtoto. Mchicha uoshwe na ukaushwe maji kabla ya kuwapa. Ganda la yai likaangwe kavu, lisagwe, liwekwe pembeni pamoja na mchanga safi wa mto, watajichukulia wenyewe. Maji yabadilishwe asubuhi na tena jua likipanda, katika chombo kizito cha udongo, kwa sababu chepesi watakipindua kwa utundu tu. Wapeni vijiti vyenye gamba, kwani mdomo usiotafuna hukua mpaka ukamzuia mwenyewe kula. Tundu lisikae jikoni wala panapofukizwa ubani; moshi ambao kwako ni harufu, kwao ni kifo. Miguu ya meza ya tundu muisimamishe ndani ya makopo ya maji. Siafu wa masika hawabishi hodi, na ndege aliyefungiwa hawezi kuwakimbia.

Sasa mna vyakula vya paketi na dawa za chupa. Vizuri. Lakini sijasikia paketi inayofundisha neno la mwisho aliloniambia Ndahani. Alisema kwamba katika nchi yao hajapata kumwona ndege huyu akiwa mmoja. Ukimwona mmoja, alisema, basi mwenzake yuko ndani ya shimo la mti, au yuko tumboni mwa kipanga.

Bi Zuhura aliwapa majina. Mwenye kichwa kikubwa, mkali, aliyeniuma kidole mara kwa mara na kumlisha mwenzake mdomo kwa mdomo, alimwita Bwana Harusi. Mpole aliyekuwa akifumba macho na kulishwa alimwita Bi Harusi. Hakuna aliyebisha. Walikaa bega kwa bega siku nzima wakichambuana manyoya ya shingo, na Bi Zuhura alikaa chini yao akisuka mkeka wa ukindu, kazi aliyofundishwa na wanawake wa Kindamba, akizungumza nao kuliko alivyozungumza na majirani.

Siku moja tulikuta ukingo wa mkeka umechanwa. Ndege walikuwa wakiingiza midomo kati ya nyaya, wakikata ukindu vipande virefu na kuvipeleka ndani ya kisanduku cha kulalia. Mimi nilitaka kuuondoa mkeka. Bi Zuhura alinikataza. Aliusogeza karibu zaidi. Alisema wanatandika.

Walitaga mayai mengi, mengi kuliko nilivyodhani mwili mdogo ule ungeweza kutoa. Bi Harusi aliyaatamia mpaka akakonda. Hakuna hata moja lililoanguliwa. Wakataga tena, ikawa vile vile. Wakati huo alikuwa amekuja kututembelea Bi Salma, dada mkubwa wa Mwinyi Saidi, mwanamke mcha Mungu na mnyofu, ambaye hakujua kuzungusha neno. Alichungulia kisandukuni na kusema: "Nyumba hii hata ndege hawazai."

Bi Zuhura alikuwa akimimina chai. Alijaza vikombe vyote, akampa Bi Salma cha kwanza. Lakini tangu siku ile hakuniruhusu tena kuyatoa mayai yaliyoharibika. Aliyatoa mwenyewe na kuyafukia uani, nyuma ya bafu, na aliporudi alinawa mikono kwa muda mrefu. Hakulia. Mara moja tu aliniambia kwamba pengine ni yeye, kwamba pengine jambo hilo hutoka kwa mtu likaingia katika kila anachokishika.

Kisha Mwinyi Saidi akafa. Homa ilimchukua katikati ya masika, barabara imefungwa. Bi Salma alikuwa kwetu bado; alibaki kumsimamia wifi yake akae eda, ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane wa Kiislamu hukaa ndani bila kujipamba na bila kuposwa. Mimi ni Mkristo, na sisemi haya kwa kudharau. Dini yao haikusema neno lolote kuhusu ndege. Waliosema ni wanawake, na walisema kwa mapenzi mema.

Walikuja kila siku kuketi na mjane. Na kila siku, juu ya vichwa vyao, Bwana Harusi alikuwa akimlisha Bi Harusi mdomo kwa mdomo, akimchambua shingo, akimpanda mbele ya watu. Vijana wa kike waliuma kanga zao wasicheke. Wakubwa walitazama chini. Mwishowe Bi Salma akasema kwamba haifai mjane atazame ndoa ya wengine kutwa, hata kama ni ya ndege. Kwamba moyo wake hautapumzika. Wote wakakubali. Nami nilikubali, maana nilivyolelewa, nyumba yenye msiba huondoa mbele ya mfiwa kila kinachomchoma. Bi Zuhura mwenyewe ndiye aliyesema tumwondoe Bwana Harusi, kwa sababu yeye ni mwanamume.

Nilimtia katika tundu dogo nikampeleka ghalani, ng'ambo ya ua, kwenye magunia ya mpunga, palipokuwa na dirisha moja. Siku za kwanza waliitana kutoka asubuhi mpaka jioni, yeye ghalani na mwenzake chumbani. Baadaye wakanyamaza. Watu husema ndege akinyamaza amezoea. Si kweli, na nataka Deo alisikie hili. Mwangalie kifua. Bwana Harusi alianza kujing'oa manyoya ya kifua mpaka ngozi ikaonekana, nyekundu, kama kuku aliyenyonyolewa akiwa hai. Nilimweleza Bi Salma. Alinijibu kwa huzuni ya kweli kwamba hata mjane hana raha, na kwamba siku zitapita.

Kila asubuhi Bi Zuhura aliniuliza kama Bwana Harusi amekula. Nilimjibu amekula. Alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba nyumba na duka na lori vitakwenda kwa ndugu za marehemu, na fungu lake ni dogo, na yeye atarudi Bagamoyo kwa kaka yake, katika nyumba aliyoiacha akiwa mwari. Hakulalamika juu ya hayo. Aliniambia hivi, na nakumbuka kila neno:

"Veronika, siku nitakayotoka eda, kabla sijaoga, utamrudisha Bwana Harusi. Nyumba waichukue, duka walichukue. Mimi nitapanda lori na ndege wangu wawili, na mtu akiniuliza nimepata nini Ifakara nitamwonyesha."

Nilihesabu siku pamoja naye. Sikuwa na haja nyingine duniani ila siku zile ziishe kabla yule ndege hajaisha.

Zilipokaribia kwisha, niliingia ghalani asubuhi nikakuta yai sakafuni mwa tundu. Nilisimama nalo kiganjani. Nilidhani mtu amenifanyia mzaha, nikatazama hata nyuma ya magunia. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na Bwana Harusi peke yake, na sehemu yake ya nyuma ilikuwa imelowa damu kidogo.

Nililipeleka kwa Bi Salma, naye akanishika mkono tukaenda pamoja kwa mjane. Bi Salma akasema taratibu, "Basi alikuwa mwanamke." Na papo hapo yale mayai mengi ya kisandukuni yakaeleweka. Yalikuwa ya majike wawili. Yasingeanguliwa hata yangeatamiwa mpaka kiama. Ndege hawa, dume na jike, hufanana rangi na umbo. Majike wawili wakikosa dume huoana, mmoja hulisha na mwingine hulishwa. Mkiona mayai yamezidi na hayaanguliwi, msimlaumu mtu.

Bi Zuhura alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa kanga, na ndani ya kanga nikasikia kicheko kinabadilika. Alisema: "Muda wote huo nilidhani ni mimi."

Bi Salma akapiga magoti mbele yake. Mwanamke mkubwa vile, akapiga magoti na kumwomba wifi yake amsamehe neno alilolisema siku ya chai. Bi Zuhura alimwinua. Kisha akaniambia nimlete, sasa hivi, hapana haja ya kungoja. Mwanamke anaweza kukaa na wanawake. Nilikimbia uani. Sijapata kukimbia kwa furaha kama ile tena, na ni vizuri sijapata.

Bi Zuhura mwenyewe alimfungulia mlango wa tundu kubwa. Bwana Harusi alipanda kijitini, akasogea, akainamisha shingo ili achambuliwe, kama zamani. Bi Harusi, yule mpole, aliyekuwa akifumba macho, alimtazama mara moja tu. Kisha alimrukia. Alimng'ata mguu, akamng'ata jicho, na midomo ile inavunja mbegu ngumu. Kabla sijaingiza mkono na kuwatenganisha, vidole vyangu vikichanika, Bwana Harusi alikuwa chini ya tundu na bawa limefunguka. Hakuwa na nguvu ya kujitetea. Alikuwa amekwisha kutumia nguvu zake kwa yai. Alikufa mchana ule ndani ya kiganja cha Bi Zuhura.

Ndege alipopoa, Bi Zuhura alinitazama na kusema, "Na mimi nikirudi kwetu, ndivyo watakavyonipokea." Bi Salma akaanza kumpinga, akaacha katikati.

Tulimfukia nyuma ya bafu, palipokuwa na mayai.

Baadaye nilifanya kazi hii katika nyumba nyingine, hapa Ifakara na huko Mahenge, kwa watu waliosikia kwamba kuna mwanamke anayejua ndege. Nilijifunza kwamba waliotenganishwa hawarudishwi kwa mkupuo. Unaweka matundu mawili kando kwa kando, karibu lakini mdomo usifike, unangoja siku nyingi mpaka uone kila mmoja analala ameegemea upande wa mwenzake. Ndipo unafungua, tena katika tundu ambalo si la yeyote kati yao. Nimewarudisha wengi kwa njia hiyo. Watu walinishukuru. Kila walipokuwa wakinishukuru nilikuwa nikiona kiganja cha Bi Zuhura. Ujuzi wangu wote ulikuja umechelewa, na sijaona ni nani aliyefaidika nao isipokuwa wageni.

Eda ilipokwisha, barabara ilikuwa imekauka. Bi Zuhura alipanda lori akiwa na sanduku moja. Hakumchukua Bi Harusi. Hakumchukia pia, alimpa mtama mara ya mwisho kwa mkono wake, kisha akaniachia ndege, tundu na mkeka. Ndahani, ambaye sasa alikuwa na bosi mwingine, alimfungia mzigo na hakucheka. Niliomba aniletee ndege mwingine, akaahidi, lakini lori lilibadilishiwa njia na sikumwona tena. Bi Harusi aliishi peke yake miaka mingi. Hakuuma, hakuita, hakugusa ukindu. Alikula nilichompa. Siku aliyokufa, hakuna aliyetambua isipokuwa mimi, kwa kuwa kimya chake kilikuwa kile kile.

Miaka ilipita ndipo mfanyabiashara mmoja wa pwani akaniletea habari. Alimkuta Bi Zuhura Bagamoyo, katika chumba cha uani cha nyumba ya kaka yake. Hawakumtesa, alisema, alipata chakula na nguo. Ila watoto wa nyumba ile, waliozaliwa yeye hayupo, walimwita Mgeni, na wakubwa hawakuwasahihisha. Sikuuliza zaidi.

Sasa sikiliza wewe, Anjela, maana haya ni ya kuhifadhi. Tundu la waya lililoko darini usilipake rangi wala usiliuze kwa wanunuzi wa vyuma. Chombo cha udongo cha maji kina ufa. Kiache na ufa wake. Mkeka wa ukindu umo ndani ya sanduku langu, chini ya nguo za kanisani. Upande mmoja ukingo wake umeliwa na ndege. Mtu atakuja kukwambia aukate unyooke, au ausuke upya. Mkatalie, hata akiwa mama yako. Nikifa msinifunike nao, wala msiwatandikie wageni.

Kaka yako msomee haya yote, polepole, mbele ya lile tundu lake. Akimleta ndege wa pili, na akawazoeza kama nilivyoeleza, uutoe mkeka uutandike chini yao, upande ulioliwa uwaelekee, waumalizie. Asipomleta, uache ulivyo, umekunjwa.